Masurufu ya Safari katika Bustani za Michezo za Florida

Katika nchi ya Marekani, upande wake wa kusini na mashariki, liko jimbo liitwalo Florida. Ni nchi ya joto na mvua, tambarare tupu isiyo na mlima, yenye vinamasi na mamba na mashamba ya michungwa. Katikati ya jimbo hilo, karibu na mji wa Orlando, kampuni ya Walt Disney inayo ardhi yapata ekari 25,000, na tarehe 1 Oktoba 1971 ilifungua hapo bustani yake ya kwanza, iitwayo Magic Kingdom. Ya pili, EPCOT, ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1982. Ya tatu, bustani ya sinema, mwaka 1989. Ya nne, bustani ya wanyama, tarehe 22 Aprili 1998. Bwana Walt Disney mwenyewe hakuyaona hayo kwa macho, maana alikufa mwaka 1966.

Watu wetu wengi wanakaa Marekani siku hizi, Wakenya na Watanzania na Wakongo, na watoto wao husikia habari za bustani hizo shuleni kwa wenzao. Mtoto akirudi nyumbani humwuliza baba yake, “Baba, sisi tutakwenda lini?” Naye baba hana jibu, maana ameisikia bei. Kwenda huko si kama kwenda gulioni. Ruhusa ya kuingia ni zaidi ya dola 100 kwa mtu mmoja kwa siku moja, na katika siku za sikukuu hupita hapo mbali. Mtoto wa miaka 3 hata 9 hupunguziwa kidogo tu. Wa miaka 10 huhesabiwa kuwa mtu mzima. Aliye chini ya miaka 3 huingia bure. Tena yako malipo ya safari, na malipo ya kulala, na malipo ya kuweka gari. Baba hawezi kushindana na bei hizo, maana zimekwisha kupangwa na wenyewe. Walakini chakula kiko mkononi mwake bado, na katika chakula ndimo nyumba nyingi zinamopotea au kuokoka. Ndiyo sababu nataka kukiandika habari zake kwa urefu.

Nianze na jambo la aibu, kwa kuwa najua ndilo lizuialo wengi. Kwetu mgeni hachukui sufuria yake kwenda nayo nyumbani kwa mwenyeji. Akifanya hivyo amemtukana. Basi wako watu wetu wanaoona haya kuingia katika bustani ile nzuri na mfuko wa chapati begani, wakidhani watacheka watu, au askari wa mlangoni atawafukuza. Lakini tufikiri vema. Bustani ile si nyumba ya mwenyeji. Ni soko, na hata mlango wake unauzwa. Na wazee wetu waliokwenda safari kutoka pwani hata bara hawakuondoka bila masurufu, wala hakuna aliyewaita wachoyo. Mwenye kuondoka mikono mitupu ndiye aliyekuwa akiombaomba njiani.

Na sheria ya mahali penyewe inaruhusu. Katika bustani za Disney za Florida mtu huweza kuingia na chakula chake na watu wake, ila kwa masharti. Chupa za vioo hazipiti, isipokuwa vichupa vidogo vya chakula cha watoto wachanga. Vileo havipiti. Sanduku la barafu lisizidi urefu wa sentimeta 61, upana 38, kimo 46. Wala lisitiwe barafu ya vipande wala barafu kavu, bali vile vipakiti vilivyofungwa ambavyo hugandishwa na kutumiwa tena na tena. Chakula kisiwe cha kuhitaji kupashwa moto, wala kisiwe na harufu kali. Hapo wasomaji wa Ujiji na Kisumu watanielewa nisemapo kwamba dagaa na wabaki nyumbani! Askari wa mlangoni huufungua mfuko, hutazama, hufunga, na kusema piteni. Hakuna zaidi ya hayo.

Basi kitu gani kifungwe? Florida kuanzia Juni hata Septemba joto hupita digrii 32, na alasiri nyingi ngurumo huja na mvua kubwa kwa muda wa saa moja, kisha jua hurudi na mvuke wake. Wataalamu wa Idara ya Kilimo ya Marekani hufundisha kwamba chakula cha kuharibika upesi, kama nyama na mayai na maziwa, kisikae nje ya baridi kupita saa mbili, na joto likizidi digrii hizo 32 kisipite saa moja. Kwa hiyo mwenye sanduku la barafu na achukue mayai ya kuchemsha na jibini. Asiye nalo na ashikamane na vitu vikavu: chapati zisizo na mafuta mengi, maandazi, karanga za kukaanga, mkate na siagi ya karanga, ndizi, matofaa, viazi vitamu vilivyochemshwa asubuhi ile ile. Chokoleti itakuwa uji kabla ya saa nne. Na kila kitu kitiwe katika mifuko ya kufungika, kwa ajili ya ile mvua.

Habari ya maji ni ya peke yake, maana wengi wanaibiwa hapo pasipo mwizi. Chupa moja ya maji katika bustani ni kama dola 4. Watu watano wakinywa chupa mbili mbili, hizo ni dola 40 kwa maji tu, kitu ambacho Mungu amekinyesha juu ya paa zote za Florida alasiri ile. Na bure yako! Kila mkahawa wa haraka wenye mashine ya vinywaji humpa mtu bilauri ya maji ya barafu akiomba, bila kununua kitu. Tena ziko bomba za kunywea na za kujazia chupa. Maji ya nchi ile yana harufu kidogo ya kiberiti, na watoto hukunja nyuso. Mama mwenye akili huchukua ndimu, au unga wa sharubati, akatia kidogo, yakanyweka.

Sasa nieleze hesabu. Iko nyumba moja ya watu wetu ninayoijua, baba, mama, na watoto watatu, wa miaka 12, na 8, na 4. Baba hufanya kazi ya usiku katika ghala la mizigo. Kwa mwaka mzima mama aliweka dola 10 kila juma katika bahasha ya chakula cha safari hiyo, na bahasha nyingine zilikuwa za mambo mengine. Majuma 52, dola 520. Hizo zilikuwa za siku nne, wala hapakuwa na nyingine nyuma yake.

Mtoto wao mkubwa ndiye aliyepiga hesabu, kwa kuwa bei zote huonekana katika programu ya simu ya kampuni ile, na mtu huweza kuzisoma akiwa nyumbani kwake miezi kabla ya safari. (Sisi walimu tungependa hesabu zote za shule zifanywe kwa moyo kama ule.) Alikadiria chakula cha mkahawa wa haraka kuwa dola 15 kwa mtu mzima, naye mwenyewe akiwamo, na dola 8 kwa mtoto. Basi mlo mmoja wa watu watano ni dola 61. Wakila mchana na jioni, 122. Maji, 40. Barafu tamu moja moja kwa dola 6, ni 30. Jumla dola 192 kwa siku moja, na kwa siku nne dola 768. Kijana akamwambia mama yake, “Mama, bahasha itakwisha siku ya tatu kabla ya jioni.”

Ndipo wakapiga hesabu ya pili. Watanunua vitu katika duka kubwa la mjini siku ya kufika, kwa kadiri ya dola 30 kwa siku. Asubuhi watakula chumbani. Mchana watakula katika mfuko. Jioni watanunua mlo mmoja wa moto, dola 61. Barafu tamu hawataikata, maana mtoto asipoila hiyo ataona hakufika. Maji ya bure. Jumla dola 121 kwa siku, na siku nne dola 484. Hiyo inaingia katika bahasha, na dola 36 zinabaki.

Palikuwa na neno moja gumu. Katika bustani ile iko mikahawa ambamo watu waliovaa sura za wanyama wa hadithi, kama yule panya Mickey, hupita meza kwa meza wakisalimu watoto. Binti yao mdogo alikuwa amesikia habari hizo, naye hakutaka kitu kingine. Mlo wa namna hiyo ni kama dola 60 kwa mtu mzima na 40 kwa mtoto. Kwao watano dola 260, nusu kamili ya bahasha. Baba alitaka kumpa. Alisema, “Mke wangu, nimelala mchana na kuamka usiku mwaka mzima kwa ajili ya siku hii.” Mama alimjibu kwa upole kwamba siku hiyo ni moja na siku ni nne, na watoto ni watatu. Wakalala bila kukata shauri. Kulipokucha baba mwenyewe alimchukua binti kwenye mahali ambapo wanyama wale husimama kusalimu watu bila malipo mengine, wakasimama katika mstari karibu saa nzima juani, akakumbatiwa, akapigwa picha. Alilia kidogo jioni alipopita mbele ya mkahawa ule akawaona watoto wengine ndani. Mimi nisingewalaumu kama wangalichagua njia ile nyingine, wakala mkate mkavu siku mbili. Kila nyumba inajua kilio cha watoto wake.

Mambo mengine madogo yaliyowafaa nitayataja upesi. Walikula mchana saa tano, kabla ya watu kujaa, kwa hiyo walipata meza kivulini pasipo kugombana. Mlo wa jioni waliuagiza kwa simu, si kwa kusimama mbele ya picha za vyakula na watoto wakilia njaa. Katika mikahawa ya haraka mama aliagiza mara mbili chakula cha kitoto kwa ajili yake mwenyewe, wala hakukatazwa, akashiba. Chumba chao kilikuwa na friji ndogo. Wengine huchagua nyumba za kupanga zenye jiko katika mji wa Kissimmee ulio jirani, na wengine hupiga hema katika kambi ya Fort Wilderness iliyo ndani ya ardhi ile ile ya Disney, ambamo kila kiwanja kina meza na jiko la mkaa. Hapo hata ugali hupikika, nami nasikia harufu yake imekwisha kuvuta majirani zaidi ya mara moja.

Kuna kikombe ambacho hoteli za Disney huuza, mtu akakijaza tena na tena siku zote za kukaa kwake. Ni kizuri kwa mnywaji mkubwa wa kahawa. Lakini hujazwa hotelini tu, si ndani ya bustani, na wengi hawatambui neno hilo mpaka wamekwisha kulipa. Kuna na mpango wa kulipia chakula chote mbele, ulioanzishwa mwaka 2005, ukasimamishwa katika maradhi ya mwaka 2020, ukarudi Januari 2024. Kwa nyumba iliyokusudia tangu mwanzo kukaa mezani na kuhudumiwa kila siku, hesabu huenda ikakubali. Kwa nyumba ya kadiri haikubali, maana mtu aliyekwisha kulipa hujilazimisha kula asichohitaji ili asipoteze. Tena ndani ya bei hiyo kimo kinywaji, na kwa mtu mzima huweza kuwa kileo. Basi asiyekunywa hulipa sawa na anywaye, akapewa maji ya matunda.

Mtu huuliza, kwa nini bei iwe kubwa hivyo? Sababu si siri. Aliyekwisha kuingia hawezi kutoka kwa urahisi. Ametoka mbali, amelipa, watoto wamechoka, na harufu ya nyama inapita njiani. Muuzaji hana jirani wa kushindana naye. Walakini haikuwa hivyo mwanzo kila mahali, na hapa kuna kisa kinachonipendeza kuliko vyote. Huko Buena Park, katika jimbo la California, alikuwako mkulima jina lake Walter Knott, ambaye tangu mwaka 1920 alilima na kuuza matunda madogo kando ya barabara. Ndiye aliyelistawisha tunda liitwalo boysen, lililotokana na kazi ya Bwana Rudolph Boysen. Mwaka 1934, katika siku za ufukara mkuu wa Marekani, mkewe Cordelia alianza kupika kuku wa kukaanga, akauza mlo kwa senti 65. Mara ya kwanza alipakua watu wanane tu, katika sahani zake za arusi. Habari zikaenea, watu wakaja kwa maelfu, wakasimama saa nyingi wakingoja nafasi. Ndipo Bwana Knott, mwaka 1940, akaanza kujenga mji wa mfano wa zamani, ili wangojao wapate kitu cha kutazama. Hata mwaka 1968 wakazungusha ukuta wakaanza kutoza kiingilio. Basi bustani ile kubwa ilizaliwa na sufuria ya mama mmoja. Kuku alitangulia, michezo ikafuata.

Nirudi Florida, kwa kuwa kule kuna jambo linalotuhusu sisi wasemao Kiswahili. Katika bustani ya wanyama wamejenga kijiji kiitwacho Harambe, kwa mfano wa miji ya pwani yetu, na hasa Lamu: kuta zilizochakaa kwa makusudi, milango ya kuchonga, matangazo ya Kiswahili ukutani. Neno lenyewe wameliandika kwa e moja, nasi huliandika kwa mbili. Kutoka hapo magari huchukua watu kwenda kuona twiga na simba na tembo walio hai, nayo safari hiyo imo katika kiingilio. Nilisimama mbele ya ukuta mmoja nikasoma maandiko kwa sauti, na mzungu mmoja akadhani mimi ni mfanyakazi wa mahali, akaniuliza choo kiko wapi.

Karibu na bustani hiyo iko hoteli iliyofunguliwa mwaka 2001, ambayo sehemu yake moja huitwa Jambo House na nyingine, ya mwaka 2009, Kidani Village. Mikahawa yake waliipa majina ya kwetu: Boma, Jiko, Sanaa. Hapo mtu wetu hucheka, maana jiko kwetu ni mafiga matatu penye moshi, na kule Jiko limewekwa kuwa mahali pa gharama kubwa pa kulia kwa kisu na uma. Boma ni karamu ya kujipakulia, yenye vyakula vya pande nyingi za Afrika, hata bobotie ya Afrika Kusini. Kwa mwenye bahasha ndogo, Sanaa ndiyo nitakayomwelekeza. Husifiwa kwa mikate yake ya namna ya Kihindi, iletwayo pamoja na vitoweo vingi vya kuchovya, na sinia moja nyumba huishirikiana, kama tulavyo sisi. Madirisha yake hutazama uwanda wenye pundamilia na twiga, nao hao hawatozi kitu. Hata asiyelala hotelini huweza kuja, ila aweke nafasi mapema.

Isidhaniwe kwamba sheria ya chakula ni moja kila mahali. Bustani za Universal, zilizo katika mji ule ule wa Orlando, huruhusu maji ya chupa na vitafunio vidogo na chakula cha wagonjwa na cha wachanga, lakini si mlo mzima katika sanduku. Tokyo Disneyland, iliyofunguliwa Japani mwaka 1983, imekataza watu kuingia na chakula cha nyumbani, ikawawekea mahali pa kulia nje ya lango. Kinyume chake Knoebels ya Pennsylvania, iliyoanza mwaka 1926, haitozi kiingilio, ina meza chini ya miti, na mtu hulipia tu mchezo aupandao. Na Holiday World ya Indiana, tangu mwaka 2000, huwapa wageni vinywaji bure siku nzima. Mwenye watoto wadogo ambao bado hawajasikia jina la Mickey angefanya vema kuanzia huko. Kila msafiri na aisome sheria ya mahali aendapo, katika karatasi za wenyewe, wala asitegemee maneno ya rafiki aliyekwenda zamani.

Neno la mwisho ni la siku ya kurudi. Wasafiri wa ndege hunyang’anywa siagi ya karanga uwanjani, kwa kuwa askari wa Marekani huihesabu kuwa kitu cha maji, na chombo kipitacho mililita 100 hakiingii ndani ya ndege mkononi. Basi siagi iliyobaki na imalizwe kwa mkate asubuhi ya kuondoka, au itiwe katika mzigo wa chini. Chapati na maandazi na karanga hupita bila neno. Nyumba ile niliyoitaja ilibaki na chapati tisa, nao walizila wakiwa juu ya Georgia, na mama alikuwa na dola 29 katika bahasha.